Katuni za watoto za kusafiri kwenye wakati: lazima historia ihubiriwe na mzee mwenye ndevu?

Kalamu Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika muswada wa mfululizo wa katuni za watoto wa miaka 8 hadi 12. Ni dada na mdogo wake wa kiume, wana mashine ya kurudi nyuma kwenye wakati, kila kitabu zama moja. Nimesoma nyingi za aina hii kabla ya kushika kalamu, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Naomba tuupasue hapa.

Mashine ya wakati imefanywa basi la watalii. Watoto wanashuka, wanapokewa na mzee mwenye ndevu ambaye kwa bahati nzuri siku hiyo hana kazi, naye anaanza kuhutubia: mwaka fulani mfalme fulani alijenga ukuta fulani wenye urefu fulani. Puto la maneno linavimba mpaka mchoro unakosa pa kukaa. Kurasa tatu kabla ya mwisho anazuka mtu mbaya, mbio, mlango wa mashine, kwaherini. Zama zenyewe hazikuwa na kazi yoyote kwenye kisa. Ungeweza kung'oa Misri ukapachika China, na hadithi isibadilike hata kisanduku kimoja.

Msimamo wangu: watoto wasiweze kurudi kwao mpaka wameelewa jinsi watu wa zama hizo walivyokuwa wakifanya jambo fulani. Jambo moja, si kumi. Hiyo ndiyo iwe nauli.

Mfano niliouanza. Alexandria, yapata mwaka 240 KK. Mashine imepotewa na vipimo, haijui dunia ina ukubwa gani, na haiondoki mpaka iambiwe. Mkuu wa maktaba ni Eratosthenes. Amepata habari kwamba huko Syene, mji wa kusini ambao leo unaitwa Aswan, adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka mwanga wa jua hushuka hadi chini ya kisima, maana jua liko utosini. Saa ileile Alexandria, fimbo iliyosimama wima ina kivuli. Pembe ya kivuli ni sehemu moja ya hamsini ya duara, yaani nyuzi 7.2 hivi. Umbali kati ya miji miwili ni stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki. Zidisha kwa 50: dunia ina mzingo wa stadia 250,000. Hakuna hotuba hapo. Kuna fimbo, kivuli na mtoto anayepiga hesabu sambamba na wale wa kwenye picha. Halafu mdogo mtu anauliza, "Stadia moja ni mita ngapi?" na wanazuoni wanabishana juu ya hilo mpaka leo, kwa hiyo mashine inanung'unika lakini inawaka.

Naomba mawazo, hasa wachoraji na walimu. Bado sina msimamo juu ya mambo mawili: watazungumza lugha gani huko, na kama waruhusiwe kubadili chochote.

Mchora Mistari

Mkuu Kalamu, nakuunga mkono, ila nina malalamiko ya kikazi.

Nyie waandishi mnaandika "watoto wanafika sokoni, watu wengi", mnafunga daftari. Maneno matano. Mimi ndiye nabaki na meza tupu ya muuza mboga, na sijui niweke nini juu yake. Mwandishi wa kitabu cha historia akiwa hajui mlango wa mwaka 1200 ulikuwa na bawaba za aina gani, haandiki habari za mlango. Mimi siwezi kuchora mtu anaingia nyumbani bila mlango. Mchoraji anahitaji kujua vitu vingi kuliko profesa, tena vile vidogo ambavyo profesa hakuwahi kuulizwa: miguuni wamevaa nini, usiku taa ni ya namna gani, maji yako kwenye chombo gani.

Makosa ninayoyaona kila mara nitayataja machache. Mahindi shambani Afrika mwaka 1300: hayakuwepo. Mahindi, mihogo, nyanya, pilipili na viazi ulaya vyote vimetoka mabara ya Amerika, na havikuvuka bahari kabla ya Columbus kwenda huko mwaka 1492. Kwa hiyo Mroma wa kale naye hana nyanya. Sanamu za Wagiriki zinachorwa nyeupe pe, wakati zilipakwa rangi, na mabaki ya rangi hizo yameonekana kwenye mawe. Piramidi kuu ya Giza inachorwa na ngazi zile za kahawia tunazoziona leo, hata kama kisa kinatokea siku ilipokamilika. Siku hiyo ilikuwa imevikwa mawe meupe ya chokaa ya kutoka machimbo ya Tura, yamesuguliwa, urefu karibu mita 146. Mtoto akiiona nyeupe inang'aa atashtuka, na mshtuko huo una thamani kuliko puto lolote la maneno.

Na nyasi! Kila dinosaria anakimbia kwenye nyasi kama uwanja wa mpira. Kwa sehemu kubwa sana ya zama zao nyasi hazikuwepo. Chini kulikuwa na mafani (makangaga, mimea isiyotoa maua) na mimea jamii ya misonobari. Nichoreeni mafani, jamani.

Pweza Mdogo

Kwa hiyo safari ya kwenda 1300 hakuna mhindi wa kuchoma wala pilipili. Hawa watoto watadai warudishwe ukurasa wa pili.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, naomba niwapinge kidogo.

Nimefundisha historia miaka mingi, na naona siku hizi ni fahari kuikejeli tarehe. Kalamu anataka jambo moja kila kitabu. Vizuri. Lakini mtoto akisoma vitabu kumi vya namna hiyo atakuwa na visiwa kumi visivyo na daraja. Kwake "zamani" ni chumba kimoja ambamo Kleopatra, dinosaria na babu yake wanakaa pamoja. Tarehe si pambo. Ndiyo inayompa nafasi.

Waulizeni watoto, au hata watu wazima: Kleopatra aliishi karibu na kujengwa kwa piramidi kuu au karibu na binadamu kutua mwezini? Wengi watasema piramidi, kwa sababu vyote ni Misri. Piramidi ilikamilika yapata 2560 KK. Kleopatra alikufa mwaka 30 KK. Mwezini watu walitua 1969. Kwake piramidi ilikuwa na umri wa miaka 2,500 hivi, na kutoka kwake hadi mwezini ni miaka 2,000. Yeye mwenyewe aliiona piramidi kama jambo la kale mno.

Hali kadhalika Stegosaurus, yule mwenye mabamba mgongoni, na Tyrannosaurus. Michoro huwaweka wakipigana. Wa kwanza aliishi miaka milioni 150 iliyopita, wa pili alitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Tyrannosaurus yuko karibu na sisi kuliko na huyo anayepigana naye.

Ninachopendekeza ni ukanda mwembamba chini ya kila ukurasa, sentimita moja kwa miaka 100, wenye alama ya pale walipo watoto. Bila maneno. Piramidi itakuwa karibu sentimita 46 kutoka leo, itahitaji kurasa zaidi ya moja kuifikia, na hilo lenyewe ni somo. Kwa kipimo hichohicho dinosaria wa mwisho wako kilomita 6.6 nje ya kitabu. Mwacheni mtoto atoke akapime.

Kalamu Kavu

Shikamoo mwalimu. Hilo la kilomita 6.6 nalichukua bila kuuliza bei. Ukanda ukae chini, kimya, pasiwe na puto linaloueleza. Nilichokuwa nakipinga ni tarehe inayotoka mdomoni mwa mhusika. Hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akasema "leo tuko mwaka 2560 kabla ya Kristo".

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo tumepatana.

Nukta Sifuri

Nilikuwa nasoma tu, lakini tarehe zimetajwa, sasa nashindwa kunyamaza. Wakuu, kwenye kalenda yenyewe kuna vitabu vitatu, na sioni mtu anavitumia.

Weka mashine iende Roma tarehe 10 Oktoba 1582. Haitafika. Siku hiyo haipo. Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda, na baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuata Ijumaa tarehe 15. Siku kumi zimerukwa, kwa sababu kalenda ya zamani ya Julius Caesar ilikuwa na mwaka mrefu kidogo kuliko mwaka halisi wa jua, na tofauti ya dakika kama 11 kwa mwaka ikijikusanya karne kwa karne inakuwa siku nzima. Watoto wanabonyeza 10, mashine inawatemea kwenye 15 au inagoma kabisa. Ili waondoke lazima waelewe mwaka mrefu, ule wa siku 366, ni nini na kwa nini upo. Si ndiyo nauli yako hiyo, Kalamu?

Na uhondo zaidi: waende Uingereza wakati huohuo, siku ipo! Waingereza walikataa kalenda ya Papa mpaka 1752, na walipokubali wakaruka kutoka tarehe 2 Septemba hadi 14. Urusi ikasubiri mpaka 1918. Ndiyo maana yale yanayoitwa Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 kwa kalenda ya leo yalitokea Novemba. Mtoto anavuka mpaka wa nchi na anabadilisha tarehe bila mashine yoyote.

Cha tatu: mwaka sifuri haupo. Baada ya mwaka 1 KK unakuja mwaka 1 BK moja kwa moja. Kutoka mwaka 10 KK hadi mwaka 10 BK ni miaka 19, si 20. Mwandishi wa mashine asiyelijua hili watoto wake wanafika mwaka mzima pembeni.

Na kwa watakaokwenda mbali kabisa: siku yenyewe haikuwa na saa 24. Visukuku vya matumbawe vya miaka kama milioni 400 iliyopita vina mistari ya ukuaji ya kila siku na ya kila mwaka, na ukihesabu unapata karibu siku 400 kwa mwaka. Dunia ilikuwa inazunguka kwa kasi zaidi, kisha mwezi umekuwa ukiipunguza mwendo kwa kani ya kujaa na kupwa kwa maji. Saa ya mkononi ya mtoto haitalingana na jua hata siku moja.

Kuna jambo jingine linanikera tangu utotoni, acha nilitoe. Dunia inalizunguka jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Ukirudi nyuma saa moja tu bila kuhama, dunia haiko hapo. Iko zaidi ya kilomita laki moja kutoka ulipo. Unaelea. Mashine ya wakati lazima iwe pia chombo cha anga, na hakuna katuni inayolikubali hili.

Pweza Mdogo

Nukta, mdogo wangu wa miaka tisa amesoma ujumbe wako begani kwangu na sasa hataki kulala. Anauliza watu wa Roma walilipwaje mshahara wa zile siku kumi.

Nukta Sifuri

Mwambie ameuliza swali la kitabu kizima. Kodi ya pango, riba, mikataba, vyote vilikuwa vinahesabiwa kwa siku.

Mama Wawili

Nimefurahia kalenda, lakini mnazunguka jambo zito.

Kalamu, hao dada na mdogo wake ni wa rangi gani? Siulizi kwa ugomvi. Nauliza kwa sababu katuni nyingi za aina hii zinaandikwa kana kwamba mtoto yeyote anaweza kushuka popote, karne yoyote, akapunga mkono. Watoto weusi wawili wakishuka Elmina, pwani ya Ghana ya leo, mwaka 1750, nje ya ngome ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1482, hawatapata mzee wa kuwahutubia. Watakamatwa wauzwe utumwani. Msichana akishuka kwenye chuo kikuu cha Ulaya cha karne ya 15 hataruhusiwa kuketi na wanafunzi. Mwandishi ana njia mbili: akimbilie zama salama tu, ambayo ni kumdanganya mtoto, au akubali kwamba zama zenyewe zina hatari kwa mwili wa huyu msafiri, si kwa sababu ya "mtu mbaya" wa ukurasa wa 40 bali kwa sheria na desturi za watu wanaojiona wema kabisa.

Mimi ningependa njia ya pili, kwa kipimo cha umri. Si lazima damu. Kisanduku kimoja chenye mfanyabiashara anayeandika majina kwenye daftari, na mtoto anagundua kwamba kwenye daftari hakuna majina, kuna idadi tu, kinatosha kwa mtoto wa miaka 11.

Mchora Mistari

Dada, hicho kisanduku cha daftari nimeshakichora kichwani.

Nukta Sifuri

Naongeza kwenye hoja ya mama hapo juu, hatari za mwili ziko pia upande wa maradhi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa, na baada ya hapo chanjo ya kawaida kwa watoto ikasimamishwa. Maana yake mtoto wa leo, mwenye kadi ya kliniki iliyojaa chanjo zote, akienda karne ya 18 hana kinga yoyote ya ndui. Na kinyume chake, akienda Amerika mwaka 1491 na mafua yake au surua, yeye ndiye hatari. Sijawahi kuona mashine ya wakati yenye chumba cha karantini.

Kalamu Kavu

Mama Wawili, ni weusi, na umenisukuma mahali nilipokuwa nakwepa. Elmina itakuwepo, ila si kitabu cha kwanza. Nataka wasomaji wawe wamewazoea hawa watoto kwanza, wawe na cha kupoteza.

Swali langu la pili lilikuwa kubadili mambo. Nimelifikiria tangu jana na naona jibu liko ndani ya hoja ileile ya nauli. Waandishi wengi wanaweka amri: usiguse kitu, utaharibu historia. Amri hiyo inawafanya watoto wawe watazamaji, na tumerudi kwenye basi. Mimi nataka waruhusiwe kusema chochote wanachokijua. Ila waaminiwe tu kwa ushahidi ambao zama hizo zinaweza kuuona.

Chukua Vienna mwaka 1847. Kwenye hospitali kuu kulikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Akina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi zaidi sana kwenye ya kwanza, mpaka wengine wakiomba kwa magoti wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akatambua kwamba madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanaenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini. Aprili mwaka huo vifo kwenye wodi ya kwanza vilikuwa asilimia 18. Juni vikawa kama asilimia 2.

Na bado wakubwa wengi wa fani hawakumkubali! Nadharia ya vijidudu ilikuwa haijasimama, hakuweza kuwaonyesha ni kitu gani hasa kilichokuwa mikononi mwao, na kumwambia daktari wa heshima kwamba mikono yake inaua ni tusi. Sasa weka dada mtu pale. Anajua kila kitu kuhusu bakteria, amefundishwa shuleni. Anasema. Wanacheka. Anagundua kwamba kujua jibu si kitu, anachohitaji ni njia ya kulithibitisha kwa wino, karatasi na daftari la vifo. Hapo anajifunza kuchora jedwali. Sijui kama kuna njia bora ya kumwonyesha mtoto takwimu ni za nini.

Mama Wawili

Homa ya uzazi kwa mtoto wa miaka minane?

Kalamu Kavu

Kwa wa miaka kumi na mbili. Kwa wadogo kuna London 1854: kipindupindu, Daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street. Kisa kilekile cha ushahidi, na silaha ni ramani. Ramani inachorwa vizuri, Mistari atafurahi.

Mama Wawili

Ramani sawa. Wodi tutaongea tena.

Pweza Mdogo

Lugha hamjaijibu. Wanaongeaje na hao Wagiriki na Wajerumani?

Mchora Mistari

Kidude cha sikioni kinachotafsiri, kisanduku kimoja, tunaendelea. Si kila mlango lazima tuupige teke.

Mwalimu Mstaafu

Nakubali, ila kiharibike mara moja kwenye mfululizo mzima, ili angalau kitabu kimoja wawasiliane kwa ishara na kuchora mchangani. Mara moja tu, isiwe mazoea.

Mchora Mistari

Sasa nileteeni jibu la tatizo langu kubwa, maana mnaniruka. Vyanzo vikigombana nachora kipi?

Mfano Kilwa, 1331. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika, akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote na uliojengwa vizuri, na akasema majengo yake ni ya mbao, yameezekwa kwa majani. Lakini magofu yaliyopo pale ni ya mawe ya matumbawe, tena makubwa. Kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pande nane linahusishwa na sultani yuleyule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Naweka mbao au mawe?

Au Pompeii, mji wa Waroma uliofukiwa na mlipuko wa volkano. Mwaka 79 hauna ubishi. Tarehe iliyozoeleka ni 24 Agosti, kutoka kwenye nakala za barua za Plinius Mdogo, Mroma aliyeushuhudia mlipuko. Kisha mwaka 2018 yakaonekana maandishi ya mkaa ukutani yanayotaja siku ambayo kwetu ni 17 Oktoba, na mkaa haudumu sana ukutani, kwa hiyo huenda uliandikwa mwaka uleule wa mlipuko. Nikichora Agosti naweka matunda ya kiangazi na nguo nyepesi. Nikichora Oktoba nabadilisha meza nzima ya chakula. Siwezi kuchora "pengine".

Mwalimu Mstaafu

Kwa Kilwa jibu si gumu. Ibn Battuta alisimulia safari zake zikaandikwa hadi 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya kupita pale. Na mji una nyumba za wakubwa na za wadogo. Chora mawe juu kilimani, mbao na makuti chini. Kwa Pompeii, weka ukurasa mwishoni wenye kichwa "Tunajuaje?" na ueleze pande zote mbili.

Kalamu Kavu

Mwalimu, ukurasa wa mwishoni hakuna mtoto anausoma. Ni mzee mwenye ndevu amehamishiwa jalada la nyuma.

Nukta Sifuri

Kwa nini isiwe kwenye mchoro wenyewe? Kilichothibitika kichorwe kwa wino na rangi kamili. Kinachokisiwa kibaki mistari ya penseli tu, bila rangi. Hakuna maelezo popote. Kitabu cha kwanza mtoto hatatambua, cha pili ataanza kuuliza mbona jungu hili halina rangi, cha tatu atakuwa anawinda penseli kila ukurasa.

Mchora Mistari

Nukta, nimesimama wima. Hii ni kanuni ninayoweza kuifuata, tena inanipunguzia kazi ya rangi. Pompeii naichora nzima ya rangi, matunda ya mezani penseli. Kilwa mawe ya rangi, mapaa ya mtaa wa chini penseli.

Ila naonya: Mwandishi akiwa mvivu wa kusoma, kitabu chote kitatoka penseli.

Kalamu Kavu

Nimeikubali. Na tusi nimelipokea.

Msomaji Kimya

Hodi. Huwa sichangii lakini naona mnazunguka wakuu tu: mkuu wa maktaba, sultani, daktari maarufu. Watoto wenyewe ni watu wadogo, kwa nini wasikutane na watu wadogo?

Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet walipata mafunjo (karatasi za kale za matete) huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu upande wa Misri. Ni ya zamani kuliko mafunjo mengine yote yenye maandishi yaliyowahi kupatikana. Sehemu yake ni daftari la kazi la mtu anayeitwa Merer, msimamizi wa kikosi cha wanaume kama 40 mwishoni mwa utawala wa Khufu, farao wa piramidi kuu. Kazi yao: kupakia mawe ya chokaa Tura, kuyavusha kwa mashua kwenye Nile na mifereji hadi Giza, kurudi. Siku kwa siku, wamelala wapi, wameshinda wapi. Safari mbili tatu za kwenda na kurudi kila siku kumi. Hakuna ushujaa ndani yake. Ni mtu anajaza ripoti ya kazi.

Yale mawe meupe aliyoyataja Mistari yanatoka hapo. Watoto wako wakipanda mashua ya Merer wataiona piramidi kwa jinsi yeye alivyoiona: mahali pa kushusha mzigo.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, ulikuwa wapi siku zote hizi.

Kalamu Kavu

Msomaji, karibu sana, na usirudi kimya. Nimekaa na ujumbe wako usiku mzima. Eratosthenes anasogea kitabu cha pili, Merer ndiye wa kwanza. Nauli naiona hivi: mashine imetumbukia mtoni Tura, inavutwa na mashua pamoja na mawe, na haiwezi kufika Giza mpaka watoto waelewe jinsi mzigo wa mawe unavyopangwa usizamishe chombo, na kwa nini safari hizo zinategemea mto ufurike ili mifereji ijae. Merer hawahutubii. Ana kazi, ana hesabu ya kupeleka kwa wakubwa wake, na watoto wanamchelewesha. Daftari lake ndilo linasimulia: kila kisanduku cha kwanza cha siku ni mstari mmoja wa ripoti.

Nukta Sifuri

Umeona kalenda yao lakini? Miezi 12 ya siku 30, kila mwezi majuma matatu ya siku kumi kumi, halafu siku tano za nyongeza mwishoni. Jumla 365, na hawana mwaka mrefu, kwa hiyo kalenda inateleza siku moja kila miaka minne dhidi ya jua. Mdogo mtu akisema "tutapumzika Jumapili" atasubiri sana.

Mchora Mistari

Nukta, kaa na kalenda yako mpaka kitabu cha Roma. Mimi nina shida ya mashua. Ile ya Khufu iliyochimbuliwa Giza mwaka 1954 ina urefu wa karibu mita 43, ya mierezi, na mbao zake zimefungwa kwa kamba kama mtepe wa zamani wa pwani yetu. Lakini hiyo ni ya mfalme. Ya kubebea mawe itakuwa pana zaidi, na sitaki kuipamba. Msomaji Kimya, kwenye hayo mafunjo kuna mahali panataja ukubwa wa chombo au idadi ya mawe kwa safari moja? Kama hapana, naichora penseli yote na Merer peke yake nampa rangi.